Kagua Banda kwa Kimo cha Bweha: Mwongozo wa Kuwalinda Sungura, Kuku na Simbilisi

Mfugaji mdogo hapotezi mifugo kwa sababu bweha ana akili kumzidi. Huipoteza kwa sababu ya ubao uliolegea, wavu uliooza pale unapogusana na udongo, au mlango unaofungwa kwa kamba ya katani huku komeo likisubiri mwisho wa mwezi. Bweha hulizunguka banda usiku baada ya usiku, pua chini, akijaribu kila kona. Mwenye banda hulizunguka mara moja moja, mchana, akiwa amesimama wima na ndoo ya chakula mkononi. Hapo si ajabu mnyama akaliona tundu kwanza.

Kazi yako ni kulikagua banda kwa kimo cha mnyama na kwa saa zake, kisha kuziba ulichokiona. Nyingi ya hatua zilizomo humu hazitaki fedha nyingi. Zinataka upige magoti na uwe na tochi.

Mjue aliyekuja

Usinunue msumari hata mmoja kabla hujajua unapambana na nani. Anayechimba hazuiwi na paa, na anayeshuka kutoka mtini hazuiwi na msingi.

Bweha huja magharibi, usiku na alfajiri. Bweha mgongo-mweusi, anayejulikana zaidi katika nyanda kavu za Kenya na Tanzania, ana uzito wa kilo 6 hadi 13 tu, kwa hiyo hupita mahali ambapo hukudhani mnyama atapita. Hupenda kuingilia chini: huchimba, au hujibana penye mwanya kati ya ukuta na ardhi. Akimpata kuku humbeba mzima, na asubuhi utaona mstari wa manyoya ukielekea vichakani. Bweha miraba, wa maeneo yenye unyevu na mashamba, ana tabia zinazokaribiana naye. Bweha masikio, yule mdogo mwenye masikio mapana, chakula chake kikubwa ni mchwa na wadudu wengine. Huyo mwache apite.

Kicheche, nguchiro na kanu ni wadogo zaidi, na hasara yao yaweza kuwa kubwa kuliko ya bweha. Huuma kichwa au shingo, hula kidogo, na wakiwa ndani ya banda lililofungwa huendelea kuua hata wakishiba. Kicheche huacha harufu kali isiyofichika. Kanu hupanda miti na kuta, na huingilia juu. Nguchiro wengine hutembea mchana kweupe wakitafuta mayai na vifaranga. Mkubwa wao, mwenye mkia mweupe, hutembea usiku.

Nyegere huvunja. Ukikuta mabanzi yameng'olewa na misumari imetoka, mfikirie yeye. Chatu hahitaji kuvunja kitu: huingia kwa tundu, humeza, na mara nyingine utamkuta bado yumo ndani kwa sababu tumbo limekataa kupita alikoingilia. Panya huchukua watoto wa sungura mmoja mmoja kutoka kwenye kiota, na mfugaji hudhani mama amewala.

Kisha yupo mbwa. Ukikuta sungura wengi wameuawa, wametawanyika, wameraruliwa mapaja na hawakuliwa, usikimbilie kumlaumu mnyama wa porini. Hiyo mara nyingi ni kazi ya mbwa koko, au mbwa wa jirani anayefunguliwa usiku. Shauri hilo halimalizwi na wavu peke yake. Lipeleke kwa jirani kwa upole, na ikishindikana, kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji.

Namna rahisi ya kujua ukweli ni majivu. Chekecha majivu au mchanga laini, umwage kuzunguka banda kwa upana wa mkono mmoja, jioni isiyo na mvua. Asubuhi soma nyayo kabla kuku hawajazivuruga. Bweha na mbwa huacha alama za kucha. Paka na kanu huficha kucha zao. Unyayo wa bweha ni mwembamba na mrefu kidogo, wa mbwa umetanuka. Kicheche na nyegere wana kucha ndefu za mbele, na alama zake hukaa mbali na vidole.

Anza chini

Njia ya kwanza ya bweha ni ardhini, basi ulinzi uanzie hapo. Una machaguo matatu.

La kwanza ni kuinua kizimba. Kizimba cha sungura kikae juu ya miguu imara, mita 1 kutoka ardhini. Urefu wa sentimita 40 hautoshi, maana bweha na mbwa hawahitaji kuingia ndani ili kudhuru. Husimama chini ya sakafu ya wavu na kuuma miguu ya sungura inayopenya kwenye matundu. Kama kizimba chako tayari ni kifupi na huna namna ya kukiinua, zungushia sehemu ya chini mabanzi au wavu, ukiacha mlango mdogo wa kutolea samadi na mkojo.

La pili ni sakafu ya zege au matofali. Hili linafaa banda la kuku na mbuzi wadogo. Zege jembamba huvunjika kwenye pembe, na pembe ndipo mnyama anapochimbia. Ongeza unene hapo.

La tatu ni sketi ya wavu, nayo inafaa banda lililokwisha kujengwa juu ya udongo mtupu. Kata wavu wa upana wa sentimita 60. Ukunje uwe na umbo la herufi L: sentimita 15 zipande ukutani na kufungwa kwa waya wa kufungia, sentimita 45 zilale chini zikielekea nje. Funika kwa udongo kidogo, panga mawe juu yake, acha nyasi ziote. Mnyama akifika huchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Anakutana na waya, anahamia hatua moja kushoto, anakutana na waya tena. Ni nadra arudi nyuma nusu mita aanze kuchimba kutoka huko. Sketi hii ni nafuu kuliko kuchimba mtaro na kumwaga zege, na unaweza kuiweka kwa siku moja.

Wavu upi, na upigiliwe wapi

Wavu wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, ulitengenezwa kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia bweha asiingie. Ushike kwa mikono miwili na uuvute: ukiwa mpya utanyumbuka, ukiwa umekaa misimu miwili ya mvua, vifundo vitaanza kuachia, hasa sentimita chache juu ya udongo ambako kutu huanzia. Mbwa mwenye nguvu huupasua kwa meno.

Kwa sehemu ambayo mnyama anaweza kuifikia, nunua wavu wa kuchomelea, wenye matundu ya mraba. Muuzaji atakuuliza geji. Kumbuka kwamba namba ikipungua waya huwa mnene zaidi. Geji 16 ni imara kwa banda la sungura. Matundu ya inchi 1 huwazuia bweha, kanu na nguchiro wakubwa. Matundu ya nusu inchi huzuia pia panya na nyoka wengi, kwa hiyo yaweke kuzunguka kiota cha sungura jike na sehemu ya vifaranga. Kama fedha haitoshi kuzungushia banda zima, weka wavu imara kutoka chini hadi usawa wa kiuno, na wavu wa kuku juu yake.

Kipimo cha tundu usikiache kwa macho. Panapopita kidole gumba, panya anapita. Panapopita ngumi ya mtoto, kanu au nguchiro anapita. Panapopita kichwa cha paka, usiseme tena kwamba umefunga banda.

Mafundi wengi hupigilia wavu upande wa ndani wa fremu kwa sababu unapendeza ukitazamwa kutoka nje. Kwa ulinzi, hapo pamekosewa. Mnyama akisukuma kutoka nje, kila msukumo unang'oa msumari. Wavu ukipigiliwa nje ya fremu, msukumo uleule unaukandamiza kwenye mbao. Tumia misumari ya U, na juu ya ukingo wa wavu pigilia papi ili ncha zisinyanyuliwe na kucha. Kwa sungura wanaotafuna mbao, kagua fremu kwa ndani kila wiki, maana sungura mwenyewe anaweza kumfungulia adui mlango.

Usisahau juu. Mwanya unaoachwa kati ya ukuta na bati ni wa lazima, kwa kuwa sungura huumizwa vibaya na joto linalozidi nyuzi 30, na mvuke wa mkojo huwaharibu mapafu. Lakini mwanya huo ndio lango la kanu. Uzibe kwa wavu, usiuzibe kwa mbao. Kata matawi ya mti yanayoinamia paa.

Mlango na komeo

Ukitaka kujua banda litavamiwa lini, tazama mlango wake. Mabanda mengi ya vijijini hufungwa kwa kipande cha ubao kinachozunguka kwenye msumari mmoja. Kikiwa kipya kinakaza. Baada ya miezi michache msumari unalegea, na mlango ukitikiswa kipande kinajizungusha chenyewe hadi kikasimama wima, mlango ukaachia. Hahitaji ujanja anayefungua mlango wa namna hiyo. Anahitaji kuusukuma mara nyingi, naye ana usiku kucha.

Weka komeo la chuma linaloingia kwenye tundu, na uweke mawili: juu na chini. Komeo moja la katikati huacha pembe ya chini ikipinda mbwa anapoisukuma kwa pua. Bawaba za mpira wa tairi hutanuka kwa jua. Zitazame kila mwezi, na ukipata nafasi weka za chuma. Kati ya mlango na kizingiti pasibaki nafasi ya kupitisha vidole viwili. Ukiongeza kufuli, umemzuia mwizi wa miguu miwili pia.

Saa ya kufunga ni muhimu sawa na komeo lenyewe. Kuku huingia bandani jua linapozama, na bweha hutoka wakati huohuo. Mlango uwe umefungwa ifikapo saa kumi na mbili na nusu jioni, na usifunguliwe kabla ya kupambazuka vizuri. Mpe jukumu hili mtu mmoja mwenye jina. Kazi ya "yeyote atakayekuwepo" ndiyo inayosahaulika siku ya msiba, ya harusi, au ya mvua.

Sungura hufa bila kuguswa

Kuku akinusurika, kesho yake hutaga au hasusi sana. Sungura si hivyo. Mbwa au bweha akizunguka kizimba bila kuingia, sungura hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, hukimbia na kujigonga ukutani. Uti wa mgongo wake ni dhaifu kuliko nguvu ya mapaja yake. Anaweza kuuvunja kwa teke lake mwenyewe. Mwenye mimba anaweza kutupa mimba. Anayenyonyesha huruka ndani ya kiota kwa hofu na kuwakanyaga watoto ambao bado hawajafungua macho.

Kwa hiyo kumzuia mnyama asiingie hakutoshi. Mzuie asifike karibu. Kizimba kisisimame peke yake katikati ya uwanja. Kiweke ndani ya banda lenye kuta, au kisogeze karibu na ukuta wa nyumba bila kuugusa, na ukizungushie uzio wa pili angalau mita 1 mbele yake. Nyuma na ubavuni pawe na mbao au matofali, ili sungura awe na upande ambao haoni nje. Kila kizimba kiwe na sanduku la kujificha, na la jike anayetarajia kuzaa liingizwe siku chache kabla ya siku ya 31 tangu apandishwe, ambayo ndiyo karibu na siku ya kuzaa.

Simbilisi, vifaranga na watoto wa mbuzi

Simbilisi wanaofugwa Iringa, Njombe na Kivu Kusini mara nyingi huishi sakafuni jikoni. Moto na watu huwafukuza bweha, lakini jikoni kuna paka, panya, na mbwa anayeingia mlango ukiachwa wazi. Ukuta mfupi wa sentimita 40 huwazuia simbilisi wasitoke, kwa kuwa hawaruki, ila haumzuii paka. Weka mfuniko wa wavu mwepesi, hasa usiku na wakati wa watoto wachanga.

Vifaranga adui yao mkubwa wa mchana ni mwewe. Wiki sita za kwanza wafunike kwa tenga pamoja na mama yao, au uwaache watembee chini ya migomba, mihogo au uzio wenye majani, ambako mwewe hana nafasi ya kushuka kwa kasi. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Ukipenda jaribu, lakini usiache tenga kwa kutegemea rangi.

Watoto wa mbuzi na kondoo huchukuliwa siku za mwanzo, wakiwa bado hawajui kukimbia. Mama aliyekaribia kuzaa alale ndani, si malishoni. Zalio lizikwe mara linapotoka; harufu yake humvuta bweha kutoka mbali.

Usimkaribishe mgeni

Bweha hula mizoga, matunda yaliyoanguka, panya na masalio ya jikoni. Akizoea kupata kitu nyuma ya nyumba yako, siku moja atatazama juu na kuona kizimba. Utumbo wa kuku waliochinjwa na mifugo iliyokufa vizikwe kwa kina cha mita 1 au vichomwe. Chakula cha kuku kisibaki nje usiku, kwa sababu huleta panya, na panya huleta nyoka na kicheche. Mayai yaokotwe kabla ya jioni. Vichaka na rundo la kuni vikae mbali na banda. Mnyama hapendi kuvuka uwanja mweupe ambako hana pa kujificha.

Uzio, mbwa na taa

Uzio mzuri wa boma hupunguza wageni, hauchukui nafasi ya banda la usiku. Minyaa hufanya uzio wa bei nafuu, lakini ikikua huacha mianya chini, penye kimo cha bweha hasa. Jaza mianya hiyo kwa matawi ya miiba au kipande cha wavu, na uangalie utomvu usiingie machoni. Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, wafugaji wamepanda miti ya jamii ya manemane iwe nguzo hai na kuizungushia wavu wa chuma. Nguzo ya mti ulio hai hailiwi na mchwa, na kadiri inavyokua ndivyo uzio unavyokaza. Wazo hilo linafaa hata kwa boma dogo.

Mbwa ni mlinzi mzuri akilelewa kwa kazi hiyo. Shirika la Cheetah Conservation Fund la Namibia limewapa wafugaji mbwa wa aina ya Anatolia tangu 1994, na msingi wa mpango wake ni kumlea mbwa pamoja na mifugo tangu akiwa mdogo, hadi aione kuwa jamaa zake. Mbwa wa kienyeji hufundishika vilevile: alale karibu na banda tangu utotoni, akemewe mara tu anapochezea kuku, ashibe. Aliyefungwa mnyororo usiku kucha atabweka tu. Kanga na bata bukini nao hupiga kelele mgeni akifika, na kelele hiyo hukuamsha.

Kuhusu taa, wengi wanamkumbuka Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alitengeneza taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi ili simba wadhani mtu anatembea na tochi, na mwaka 2013 alieleza ubunifu wake katika mkutano wa TED huko Marekani. Siri yake ni mwendo: taa iliyosimama mahali pamoja haimtishi simba. Kwa bweha tumia akili hiyohiyo. Taa za sola zinazomulika kwa vipindi hufaa, lakini zihamishe kila baada ya siku chache, maana bweha huzoea haraka.

Siafu

Usimalize ulinzi bila kuwafikiria siafu. Huja usiku, hasa mvua zinapoanza, na sungura aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Simamisha kila mguu wa kizimba ndani ya kopo lenye maji na oili chafu kidogo, au upake grisi. Hakikisha hakuna jani la nyasi, kamba wala ukuta unaogusa kizimba, maana siafu watavukia hapo. Majivu mengi yaliyomwagwa kwa mstari mpana huwachelewesha, ila mvua ikinyesha yanakwisha nguvu. Weka tenga au sanduku tupu karibu. Siafu wakifika, cha kwanza ni kuwahamisha wanyama. Mambo mengine baadaye.

Akishaingia

Usiku wa kuvamiwa usimfuate mnyama gizani. Wahesabu waliobaki, wahamishie mahali penye giza na utulivu, wape maji.

Asubuhi, kabla ya kufagia, soma alama: aliingilia wapi, alikula nini, alitokea wapi. Kisha wachunguze majeruhi kwa vidole, si kwa macho. Jeraha la jino kwenye manyoya ya sungura ni tundu dogo lisiloonekana, na baada ya siku chache hugeuka jipu. Lisafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, umwite mtaalamu wa mifugo. Usimpe sungura wala simbilisi amoksilini ya kumeza uliyobakiza nyumbani. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huvuruga utumbo wao na zinaweza kuwaua. Sungura ambaye hajala kitu kwa nusu siku yumo hatarini hata kama hana jeraha. Mpe majani mabichi anayoyapenda, na atazamwe na mtaalamu siku hiyohiyo.

Tundu lizibwe kabla ya jua kuzama siku ileile. Aliyepata chakula atarudi, na kwa kawaida hurudi njia aliyoijua.

Sumu na kichaa

Hasira ikipanda, mtu hufikiria kuweka sumu kwenye mzoga. Usifanye hivyo. Sumu haichagui: humwua mbwa wako, paka wa jirani, na tumbusi wanaosafisha mizoga. Mwaka 2009 mtengenezaji wa kiuadudu cha Furadan alikiondoa sokoni Kenya baada ya simba kuuawa kwa sumu hiyo. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika kundi la walio karibu kabisa kutoweka, na sumu ni mojawapo ya sababu kubwa. Aidha, kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 na sheria ya Kenya ya 2013. Mnyama akikusumbua mara kwa mara, toa taarifa kwa serikali ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, au kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) ukiwa Kenya. Tena bweha waishio wawiliwawili hulinda eneo lao dhidi ya bweha wengine. Ukiwaua wale ambao hawajaonja kuku wako, unawaachia nafasi wageni ambao huenda wameshaonja.

Bweha anayekuja mchana bila woga, anayeyumba, anayetokwa mate au kushambulia ovyo, mchukulie kuwa ana kichaa cha mbwa. Ondoa watoto, usimguse, toa taarifa. Mtu akiumwa au kuparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Chanjo ikiwahi, huzuia. Mbwa wako apate chanjo kila mwaka. Nyama ya mnyama aliyeumwa isiliwe.

Fedha ikiwa kidogo

Usijaribu kununua vyote kwa mkupuo. Kwanza makomeo mawili ya chuma na bawaba. Pili sketi ya wavu upande ambao umeona nyayo, kisha pande zilizobaki. Tatu wavu wa nusu inchi kwenye kiota na sehemu ya vifaranga. Nne wavu wa kuchomelea hadi kiunoni. Uzio, mbwa na taa vije baada ya hapo. Mwenye taa ya sola juu ya mlango wa kamba amepanga vibaya matumizi yake.

Mara moja kwa mwezi, usiku, piga magoti nje ya banda huku mtu akiwasha tochi ndani. Kila mahali utakapoona mwanga ukipenya chini ya usawa wa goti la mtu aliyesimama, weka alama ya chaki, na kesho yake pazibwe.

Kila jioni, fuata mpangilio huu: okota mayai; ondoa chakula kilichobaki; tazama maji kwenye makopo ya miguu ya kizimba; sukuma kila mlango kwa goti kwenye pembe ya chini; funga makomeo ya juu na ya chini; hesabu wanyama, uandike namba kwenye daftari au ukutani kwa mkaa. Namba isipolingana na ya jana, anza kutafuta papo hapo, kabla giza halijaingia.